Saa iliyomkimbiza Baba

Jumamosi moja mwezi wa pili nilikuwa nimelala kwa wazazi wangu huko Kahawa Magharibi nilipoamshwa na honi ya pikipiki langoni. Ilikuwa saa moja na robo asubuhi. Nilipofungua nilimkuta kijana wa bodaboda amemshika Baba mkono. Baba ni mwalimu mstaafu wa miaka 61, na tangu nimjue sijapata kumwona akishikwa mkono na mtu. Siku hiyo aliinamisha uso kama mtoto aliyefukuzwa shule kwa sababu ya karo.

"Nimemtoa kando ya barabara ya Kamiti," kijana akasema. "Alikuwa ameketi chini, anasema dunia inazunguka."

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakumuuliza Baba neno. Alinitazama mimi. Nami sababu niliijua, kwa kuwa saa iliyokuwa mkononi mwa Baba niliinunua mimi.

Zawadi ya Krismasi

Baba alianza kukimbia alipotimiza miaka 50. Mwanzoni alikuwa akitembea kwa haraka hadi shuleni alikofundisha, halafu akachanganya kutembea na kukimbia kidogo, na mwishowe akamaliza kilomita 21 za mbio za Nairobi mara nne. Miaka hiyo yote alivaa saa ya mishale aliyopewa na wazazi wa wanafunzi wa darasa la nane. Akitoka saa kumi na mbili na kurudi saa moja, hesabu yake imekwisha.

Krismasi iliyopita niliona aibu. Vijana ofisini kwangu wanavaa saa zinazohesabu kila kitu, na baba yangu anakimbia na saa ya kuzungushwa ufunguo! Nikaingia mjini, nikatoa pesa nilizokuwa nimeweka za kapeti, nikamnunulia saa ya mazoezi. Muuzaji akaingiza umri wa Baba, akaniambia, "Dadangu, hii ni daktari wa mkononi."

Saa ile ilionyesha mapigo ya moyo kwa rangi. Bluu ilimaanisha unatembea tu. Kijani, ambayo kwa Baba ilianzia mapigo 127 kwa dakika, ilimaanisha sasa unafanya mazoezi. Baba, mtu wa kufuata mtaala, aliamua kila mbio lazima zifike kijani. Lakini mapigo yake hayakupita 110. Aliongeza mwendo, bluu. Akatafuta mlima, bluu. Asubuhi ile alikuwa akipanda kilima kwa mara ya tatu, macho yako mkononi, akiitafuta kijani, ndipo miguu ikamwisha nguvu.

Daktari anauliza swali moja

Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Alipimwa damu, akafungwa nyaya kifuani, akapimwa presha akiwa amelala na akiwa amesimama. Kisha daktari akauliza, "Mwalimu, unameza dawa gani?"

Baba akatoa mfukoni karatasi yenye jina la atenolol. Alikuwa ameanzishiwa miezi miwili kabla, kwa ajili ya presha.

Daktari alicheka kidogo, si kwa dharau. Alitueleza kuwa atenolol ni ya jamii ya dawa ziitwazo beta-bloka. Kazi yake mojawapo ni kuupunguzia moyo kasi. Mtu anayeimeza anaweza kukimbia hadi pumzi zimwishie na moyo wake usifike pale ambapo moyo wa mtu asiyeimeza ungefika. Saa haikusema uongo kuhusu mapigo ya Baba. Mapigo yalikuwa 110 kweli. Kosa lilikuwa katika maana iliyoyapa.

Saa nyingi huanza na kanuni rahisi: 220 ukitoa umri, unapata mapigo ya juu kabisa ambayo moyo wako unaweza kufikia. Kwa Baba, 220 ukitoa 61 ni 159, na asilimia 80 ya hiyo ndiyo 127 aliyokuwa akiifukuza. Kanuni hiyo imekuwepo tangu mwaka 1971. Mwaka 2001 watafiti wakatoa nyingine, 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, ambayo kwa Baba inatoa karibu 165. Zote mbili ni wastani wa watu wengi. Watu wawili wenye umri mmoja wanaweza kupishana kwa mapigo 20 au zaidi, na wote wawili ni wazima. Ukiongeza beta-bloka, kanuni zote zinaanguka.

Hapo ndipo Baba aliposema jambo lililonitia baridi. "Basi, daktari, siku za kukimbia nisimeze."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimwambia kuwa kuziacha dawa hizo ghafla kunaweza kuurudishia moyo mzigo wote kwa pamoja, presha ikapanda kupita ilivyokuwa, na wapo waliopatwa na mshtuko wa moyo kwa njia hiyo. "Saa ndiyo itakayobadilishwa ikufuate wewe. Dawa haibadilishwi ifuate saa," akasema. Msomaji, kama nyumbani kwako yuko mtu anayemeza dawa hizi, tafadhali mkatie sentensi hiyo umbandikie ukutani.

Wiki mbili baadaye Baba alikimbizwa kwenye mashine hospitalini huku nyaya ziko kifuani. Moyo wake ulikuwa mzima. Alipochoka kabisa mapigo yalikuwa 126. Ile kijani ya 127 asingeifikia hata kama angekimbia hadi Thika!

Baraza la nyumbani

Mama hakutaka kusikia habari za saa nyingine. Alikuwa tayari amezificha raba za Baba ndani ya pipa la unga. "Mwalimu, umekimbia miaka 11. Inatosha. Watu wa rika lako wanacheza bao."

Baba hakujibu. Kwa siku tisa alikaa barazani akisoma gazeti hadi matangazo ya vifo. Alikuwa akiamka saa kumi na moja kama kawaida, anavaa trakisuti, kisha anaketi. Nilipompigia simu siku ya kumi aliniambia, "Mami, mtu akinyang'anywa asubuhi zake, anabaki na nini?" Huniita Mami kwa sababu nilipewa jina la mamake.

Nilirudi nyumbani na pendekezo. Daktari hakumkataza kukimbia, alimkataza kukimbizwa na tarakimu. Basi tutafute saa inayomfaa mtu wa umri wake, tukiikosa arudie ile ya mishale. Mama alikubali kwa sharti moja: nikimbie naye kila Jumamosi. Mimi, ambaye hata basi likiniacha husubiri lijalo! Nikakubali.

Saa nne mikononi

Niliazima saa tatu kwa marafiki, pamoja na mkanda wa kifuani kutoka kwa mwalimu mmoja wa michezo. Ya nne ilikuwa ile yetu ya Krismasi. Matokeo sitayatajia majina ya kampuni, kwa kuwa mbio chache za mzee mmoja na bintiye mwenye pumzi fupi si maabara. Lakini tulichojifunza kitakufaa.

Kwanza tulikwenda uwanja wa shule wenye njia ya mita 400. Mizunguko 12 na nusu ni kilomita 5 kamili, mradi ukae njia ya kwanza ya ndani. Ukihamia njia ya pili unaongeza takriban mita 7 kila mzunguko, halafu unarudi nyumbani kuilaumu saa bure. Saa mbili zenye kutumia setilaiti zilituandikia kilomita 5.04 na 5.07. Ya tatu iliandika 5.11. Ile ya Krismasi, ambayo haina setilaiti bali hukisia umbali kwa kuhesabu mikono inavyotikisika, iliandika 4.62. Mzee mwenye hatua fupi ameibiwa karibu mita 400.

Juma lililofuata tulikwenda msitu wa Karura. Chini ya miti mirefu zile za setilaiti zilianza kupishana, na kwenye ramani ya mojawapo tulionekana tumevuka mto mara tatu. Hatukulowa. Mawimbi ya setilaiti ni dhaifu, na majani, kuta na maghorofa huyapinda. Ndiyo maana saa yako ikipita katikati ya jiji hukuambia umekimbia kama Kipchoge kwa nusu dakika. Saa mpya zenye kupokea masafa mawili ya mawimbi hupunguza kosa hilo, ingawa haliishi.

Hapo hapo niwatulize wanaonung'unika kila baada ya mbio za barabarani kwamba waandaaji wamewaongezea njia. Njia rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kihesabio, kisha huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Tena hupimwa kwa mkato mfupi wa kila kona, nawe hukimbii mkato huo wakati wote. Saa ikionyesha 21.3 badala ya 21.0975, waandaaji hawana deni lako.

Mwanga wa kijani

Kuhusu mapigo, tulijifunza zaidi. Saa ya mkononi humulika ngozi kwa mwanga wa kijani. Damu hufyonza mwanga huo, na kila moyo unapopiga kiasi cha damu hubadilika, nayo saa huhesabu mabadiliko hayo. Mkanda wa kifuani hufanya kazi nyingine: husikia umeme wa moyo wenyewe. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilitoa kipimo cha kwanza cha aina hiyo kisicho na waya katika mwaka 1982, na hadi leo mkanda ndio unaoaminika zaidi kwa mkimbiaji.

Katika mzunguko wa sita uwanjani, mkanda ulisema mapigo ya Baba ni 109. Saa moja ya mkononi ikasema 156. Nilishtuka, nikamsimamisha. Baba alikuwa anapumua vizuri tu na ananicheka. Tulipohesabu hatua zake kwa dakika, zilikuwa 156! Saa ilikuwa imefungwa ikalegea, ikatikisika kwa kila hatua, na ikadhani mtikisiko ndio moyo. Tulipoikaza matundu mawili na kuisogeza juu ya kifundo cha mkono kwa upana wa vidole viwili, ikashuka hadi 111. Baridi ya asubuhi, jasho na chanjo za rangi kwenye ngozi pia huisumbua. Weusi wa ngozi nao umechunguzwa kwa miaka kadhaa, na majibu ya watafiti hayafanani. Dawa ni kulinganisha: ukiwa umeketi, shika mshipa wa mkono wako, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili, kisha tazama saa.

Tulipozitazama za madukani

Sasa majina. Nilizipitia saa nne ambazo wakimbiaji wengi wananitajia, nikizipima kwa mahitaji ya mtu aliyepita miaka 55.

Garmin Forerunner 55 ilitoka mwaka 2021 kwa bei ya dola 200 za Marekani. Haina skrini ya kugusa. Ina vitufe vitano, jambo ambalo vijana huliona la kizamani, lakini kidole chenye jasho kinashukuru. Betri yake, kwa ahadi ya kampuni, hukaa hadi wiki mbili, au saa 20 ikiwa inatumia setilaiti. Kasoro kwa mzee ni uso mdogo.

Forerunner 165 ya mwaka 2024 ilianza kwa dola 250. Uso wake unang'aa kama wa simu, tarakimu zinasomeka bila miwani, na ina vitufe pamoja na skrini ya kugusa. Ahadi ya betri ni siku 11, au saa 19 za setilaiti.

Coros Pace 3 ya mwaka 2023 ilianza kwa dola 229. Ikiwa na mkanda wa kitambaa ina uzito wa gramu 30 tu, inapokea yale masafa mawili, na inaahidi saa 38 za setilaiti. Kampuni hiyo ndiyo iliyotoa saa yenye jina la Eliud Kipchoge mwaka 2021, kwa hiyo vijana wanaipenda. Uso wake haung'ai sana ndani ya nyumba, lakini juani unasomeka vizuri.

Apple Watch SE, toleo la mwaka 2022, ilianza kwa dola 249. Faida yake kubwa kwa wazee ni kutambua mtu anapoanguka na kuita msaada asipojibu, nayo hujiwasha yenyewe ukiandika kwamba una miaka 55 au zaidi. Lakini inahitaji simu ya iPhone, na betri yake ni ya saa 18. Nyumba ambayo stima hupotea usiku, asubuhi saa imelala na mwenyewe ameamka.

Garmin nazo hutuma ujumbe kwa jamaa zikihisi ajali, ila lazima simu yako iwe nawe na iwe na mtandao. Huduma za dharura hutofautiana nchi kwa nchi, kwa hiyo muulize muuzaji akuonyeshe zikifanya kazi hapa Kenya kabla hujatoa pesa. Na hizo dola nilizotaja ni za siku saa zilipotoka huko ng'ambo. Hapa kwetu kuna ushuru na kuna faida ya mwenye duka. Modeli ya zamani hushuka bei mpya inapotoka, na moyo wa mzee haujui tofauti ya mwaka.

Alichochagua Baba

Nilidhani atachagua yenye uso unaong'aa. Alichagua Forerunner 55, tena iliyotumika, kutoka kwa kijana aliyekuwa akinunua mpya. "Nataka vitufe," alisema. "Skrini za kugusa zinaninyanyasa hata kwenye simu."

Tuliketi mezani jioni nzima tukaipanga. Kwanza tulifuta 159 tukaandika 126, ile ya hospitali. Pili tulizima kengele zote za kumhimiza. Tatu tuliweka kengele moja tu, ya kumwambia apunguze mwendo, kwa kiwango alichotuandikia daktari. Kuhusu macho, tulichagua ukurasa wenye kitu kimoja tu, muda, ukajaa uso mzima. Umbali na mapigo atayatazama akifika nyumbani.

Daktari alimpa pia kipimo kisichohitaji betri: ukiweza kusema sentensi nzima unapokimbia, mwendo ni salama, ukikata maneno, punguza. Baba alikitengenezea mtihani wake. Tukipanda kilima ananiambia nitaje ngeli za nomino na mifano yake. Jumamosi ya kwanza niliishia ngeli ya pili, nikainama nikishika magoti. Yeye aliendelea mpaka ya mwisho.

Mara nyingi namkumbuka Ed Whitlock wa Canada. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia marathoni kwa saa 2 dakika 54 na sekunde 48. Mwaka 2016, akiwa na 85, alitumia saa 3 dakika 56 na sekunde 34. Mazoezi yake alikuwa akizunguka makaburi karibu na nyumbani kwake, saa baada ya saa, akihesabu muda na si kilomita. Sisemi kila mzee ni Whitlock. Nasema muda peke yake uliwahi kumtosha mtu.

Mama hajaridhika kabisa. Kila Baba anapotoka huandika kwenye kalenda ya ukutani njia atakayopita, na akichelewa dakika 10 anasimama langoni. Baba anajua, na siku hizi hachelewi. Nami nimejifunza kuwa zawadi niliyotoa bila kuuliza swali moja, "Baba, unameza dawa gani?", ilikaribia kutugharimu.

Basi, msomaji, kabla hujamnunulia mzazi wako saa, fanya haya. Ongozana naye kwa daktari na umwonyeshe saa yenyewe. Ingiza tarakimu zake, si za kiwandani. Mwache aijaribu akiwa hajavaa miwani. Hakikisha simu aliyonayo inaelewana na programu ya saa. Uliza itarudishwa wapi ikiharibika. Na akikwambia amechoka huku saa inasema bado, mwamini yeye.

Raba zilitolewa kwenye pipa. Bado zinanukia unga.

Tukutane Jumapili ijayo, tukijaliwa.